Bwana Imla na K Inayokaa Kimya

Baba mkwe wangu alifundisha Kiingereza tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipomkimbia kichwani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusamehe herufi hata moja. Mji mzima ulimwita Bwana Imla. Ukimkuta mtu mzima na heshima zake, mwenye duka au mkuu wa ofisi, kisha ukamtajia jina hilo, utaona mgongo wake unanyooka wenyewe, kana kwamba ameambiwa atoe karatasi na kalamu.

Mimi ni fundi wa friji. Siku niliyokwenda kujitambulisha kama mchumba wa binti yake, nilivaa shati jipya nikajiandaa kwa maswali ya ukoo, kazi na tabia. Mzee hakuuliza hata moja. Alinitazama, akasema, "Nimeona kibao cha karakana yako. Hebu niandikie jina la hicho unachotengeneza. Jina kamili, si la mkato."

Nikaandika *refridgerator*. Akaitazama karatasi kama daktari anavyotazama picha ya mbavu zilizovunjika.

"Hiyo d umeitoa wapi?"

"Kwenye *fridge*, mzee."

"*Fridge* ina d. *Refrigerator* haina."

"Lakini si kitu kilekile, mzee?"

"Ni kitu kilekile."

"Sasa d imekwenda wapi?"

Akanirudishia karatasi. "Usiulize," akasema. "Kariri."

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alisema kutoka mlangoni kwamba binti yao anaolewa na mtu, haolewi na kibao. Basi nikapewa mke, na kibao nikakipaka upya wiki hiyohiyo.

Miaka ikaenda. Mke wangu akawa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi mtaani kwetu. Tukapata binti, mwenye maneno kuliko kimo chake, tukambandika jina la Wakili. Mzee akastaafu, akahamia na mama mkwe nyumba ya pili kutoka kwetu. Lakini kustaafu hakukumkaa vizuri, kama koti la kuazima. Alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu maandishi ya kwenye pakiti za biskuti, kisha anazipanga dirishani ili ziwe funzo kwa wapita njia.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nne alipopata uhamisho katikati ya muhula, mama mkwe alifika kwetu asubuhi hata chai haijachemka.

"Mwanangu, mchukue baba yako. Mchukue leo."

"Mama, pale shuleni mimi nitakuwa mkubwa wake. Nitamwambiaje baba yangu mzazi kwamba amechelewa?"

"Jana amenisahihisha nikiwa katikati ya kuomba dua," mama mkwe akasema. "Mchukue."

Akachukuliwa. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda kama yalivyokwenda enzi zake. Darasa la nne lilinyooka. Nyumbani alimwita mke wangu "mwanangu", lakini akivuka geti la shule alimwita "Mwalimu Mkuu" na kumpisha mlangoni, hadi mke wangu akawa anapitia mlango wa nyuma ili kukwepa hiyo heshima.

Balaa lilianzia mezani kwetu. Wakili, naye wa darasa la nne, alikuwa akifanya imla ya nyumbani, babu yake anamsomea maneno. Wakafika kwenye neno la goti, *knee*. Mtoto akaandika *nee*. Mzee akagonga meza kwa kidole.

"K iko wapi?"

"Sikuisikia, Babu."

"Huwezi kuisikia. Inakaa kimya."

"Kama haina la kusema," Wakili akauliza, "ilikuja kufanya nini?"

Mzee akafungua mdomo. Mimi nikaacha kutafuna, maana jibu nililijua. Lilinipata mimi mwenyewe siku ya posa. Lakini mjukuu si mkwe. Mzee akamtazama yule mtoto, akaitazama ile K, akafunga mdomo. "Nitakuletea jibu," akasema, na akaondoka bila kumaliza chai.

Alikesha na makamusi yake, nadhani, kwa sababu Jumamosi alinifuata karakanani macho mekundu, nikiwa nimelala chali chini ya jokofu la muuza samaki.

"Mkwe! Walikuwa wanaitamka!"

"Akina nani, mzee?"

"Waingereza! Zamani walisema k-nii. K ilikuwa na kazi yake, ikila jasho lake kama herufi nyingine. Na hiyo gh iliyojibanza kwenye *night* ilikuwa kh, ya kooni kabisa, kama mtu anayetaka kutema. Nikht! Halafu vizazi vikapita, midomo ikafanya uvivu, sauti ikafa. Ila hakuna aliyekwenda kuzika herufi. Zimebaki pale kama viatu vya marehemu mlangoni."

"Pole sana, mzee," nikasema, kwa kuwa alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

"Tena afadhali hizo. Ile s ya *island* haikutamkwa hata siku moja. Wasomi ndio waliichomeka, wakidhani neno lina ukoo na neno la Kilatini. Hiyo hata si marehemu. Hiyo ni mpangaji aliyeingia bila kumwambia mwenye nyumba!" Akakaa juu ya kopo la rangi. "Na mimi nimewapa watoto wa watu sifuri kwa ajili ya vitu hivi."

Jumatatu akaingia darasani, akafuta ubao mzima, akatangaza mageuzi. Kuanzia siku ile, darasa la nne litaandika Kiingereza kama mtu mwenye akili anavyoandika lugha yoyote: unachosikia ndicho unachoandika. Goti ni *nii*. Usiku ni *nait*. Cheka ni *laf*. Kisu ni *naif*. Watoto walishangilia hadi darasa la tano likadhani kuna mtu ametapika.

Wazazi wakagawanyika. Muuza nyama alisoma daftari la mwanawe mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza maishani, akawaambia wateja kwamba Kiingereza cha siku hizi kimelainika, hakina mifupa. Mfamasia, ambaye mwanawe alikuwa akipewa mia kwa mia miaka yote, alikuja shuleni akiwa ameshika daftari kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya.

Lakini mageuzi hayakuuawa na mfamasia. Yaliuawa na ndege. Mzee alisoma sentensi nyepesi: ndege yuko juu ya kitanda. *The bird is on the bed.* Alipokusanya madaftari, nusu ya darasa walikuwa wameandika *the bed iz on the bed*, kitanda kiko juu ya kitanda. Nusu nyingine wakaandika *the bad iz on the bed*, na Wakili, mwenye msimamo, akaandika *the bad iz on the bad*, ubaya uko juu ya ubaya.

"Tusikilize tena," mzee akasema. "*Bird*." Akalivuta neno kama mpira.

"Bed!" ikasema safu ya dirishani.

"Bad!" ikasema safu ya ukutani.

Akamwita mwalimu wa michezo alitamke. Yeye akasema "badi". Akamwita karani wa ofisi, akasema "bedi", tena akaongeza kwamba anayesema "badi" hajasafiri. Mwalimu wa michezo akauliza yeye karani amesafiri kwenda wapi. Hapo mtoto mmoja akauliza swali la haki kabisa: kama tunaandika tunavyosikia, tunafuata mdomo wa nani?

"Wangu!" darasa zima likajibu kwa pamoja, na mwalimu mkuu alipoingia alikuta watoto wamesimama juu ya madawati, baba yake amekaa, na wafanyakazi wawili wa shule wanaonyeshana vidole.

Kilichosemwa ofisini alinisimulia mke wangu mwenyewe. Alimkalisha baba yake kwenye kiti cha wageni, akabaki amesimama, kisha akaona kusimama si adabu, akakaa, kisha akaona kukaa nyuma ya meza kubwa ndiyo mbaya zaidi, akasimama tena.

"Baba, mtihani wa pamoja unakuja. Wanaosahihisha hawakujui wewe wala hawamjui Wakili. Wakiona *naif* watatia mkasi wa kosa."

"Mwalimu Mkuu, hizo herufi zimekufa."

"Hata kama zimeoza. Nakuomba, usibadilishe herufi hata moja. Hata moja, Baba."

Mzee akayarudia maneno hayo kwa midomo tu, moja baada ya jingine. Kisha akainuka na kunyoosha koti. "Sitabadilisha herufi hata moja," akasema. Na mzee yule, kwa sifa zake zote na kasoro zake zote, ni mtu wa kutimiza ahadi.

Wiki iliyofuata tukiwa mezani, Wakili akaniambia, "Baba, naomba k-naifu."

"Unaomba nini?"

"K-naifu. Ya kukatia mkate."

Nikampa kisu. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anasoma makadirio ya vyoo vipya vya shule, hakusikia kitu. Kesho yake Wakili akaniaga kwa kunitakia "gud nikht", na ile kh ikanirushia mate shavuni. Nikaelewa. Mzee hakubadilisha herufi. Alibadilisha midomo.

"Ni jambo rahisi," aliniambia nilipompelekea feni yake niliyoitengeneza. "Kama maandishi hayataki kumfuata msemaji, msemaji ayafuate maandishi. Kila herufi inatamkwa. Hakuna kukaa kimya darasani kwangu. Herufi inayokula, ifanye kazi."

Ningepaswa kumwambia mke wangu. Lakini mkwe mwenye akili hana mdomo. Ana masikio tu, na hayo pia anayaazimisha. Nikamuuliza mama mkwe tufanyeje. "Mwanangu," akasema, "tangu aanze haya hajanisahihisha. Nyamaza."

Nikanyamaza. Na hapa lazima niseme kweli: njia ile ilifanya kazi ajabu. Mtoto anayesema "wed-nes-dei" hawezi kukosea kuandika *Wednesday* hata umwamshe usingizini. Wanasema "sho-uld", wanaandika *should*. Wanasema "is-land", na yule mpangaji naye anaingizwa kwenye orodha ya familia. Tena watoto walipenda ile kh kuliko mapumziko. Mtihani wa pamoja ulipokuja, darasa la nne la mke wangu lilishinda shule zote za eneo letu katika imla. Mke wangu alirudi nyumbani akiimba, akanikumbatia nikiwa na grisi mikononi, akasema, "Baba yangu ni baba yangu!" Nikakubali kwamba ni kweli.

Habari ya ushindi ikamleta mkaguzi wa elimu. Alikuwa mama mrefu, miwani yake ina mnyororo, na ana sauti ya chini inayokufanya uiname kumsikia. Alitaka kuwaona hao mabingwa. Nami nilikuwapo, kwa sababu friji ya ofisi ya shule ilichagua siku hiyo kuvuja, na mlango wa ofisi unatazamana na darasa la nne.

Mkaguzi akawasifu, akawapigia makofi, kisha akasema, "Sasa mmoja anisomee."

Mke wangu, kwa fahari ya mzazi, akamchagua binti yake. Wakili akasimama. Kitabu kilikuwa na hadithi ya askari wa kale aliyepiga goti usiku mbele ya mfalme, akaweka upanga chini. Yaani hadithi yote ilikuwa makaburi matupu ya herufi.

"Dhe k-nikht k-nelt on his k-nii," Wakili akasoma kwa sauti kubwa, "and la-id his s-word on dhe gro-und, for he k-new it was nikht."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo liko machoni.

"Mwanangu, hiyo ni lugha gani?"

"Kiingereza, mwalimu."

"Kiingereza gani?"

"Cha zamani," Wakili akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Kabla hakijaharibika."

Nilimtazama mke wangu. Uso wake ulipita rangi zote za kibao cha fundi rangi, ukatua kwenye kijivu. Mzee akasogea mbele, mikono nyuma, akaanza kueleza: viatu vya marehemu, uvivu wa midomo, mpangaji wa Kilatini. Alieleza vizuri, mzee wa watu. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Hebu niambie tena ile siku ya katikati ya wiki," akasema.

"Wed-nes-dei."

Mkaguzi akaisema polepole chini ya pumzi, akihesabu herufi kwa vidole. Kisha akaniona nimechungulia, akageuka, akashusha sauti hata zaidi, nami nikatega sikio. "Tangu niajiriwe," akamwambia mzee, "sijawahi kuitisha mkutano siku hiyo. Kila mara nausogeza Alhamisi."

Tukadhani tumepona. Lakini kazi ni kazi. Alipotoka alimwambia mke wangu wazi kwamba watoto wale wanaandika kama malaika na wanaongea kama waliofufuka, na akirudi mwezi ujao anataka kuwaelewa.

Jioni ile mke wangu alikwenda kwa wazazi wake, nami nikamfuata nyuma nimebeba sahani ya maandazi, kwa kuwa mtu akienda kumfukuza baba yake kazi ni vizuri kuwe na kitu cha kutafuna. Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na miguu ya baba yake, akasema, "Baba, niliomba jambo moja tu."

"Na sikubadilisha herufi hata moja."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Ulinitii kama unavyomtii mtu baki, neno kwa neno. Ningekuwa mwanao ungenielewa."

Mzee akaliweka chini andazi alilokuwa ameshika. Mama mkwe, ambaye huwa na jibu la kila kitu, naye akainuka akaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa limewashwa. Baadaye sana mzee akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mke wangu, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Nilitaka yule mtoto apate jibu," akasema. "Miaka yote waliniuliza nikawaambia wakariri. Huyu nikamtazama machoni, nikashindwa. Nimekutia aibu, mwanangu. Kesho nitaanza kuwarudisha."

"Kesho hutaingia darasani, Baba."

"Basi nitawarudisha nikiwa nje."

Na kweli, akawa anakwenda kiwanjani kila jioni watoto wakicheza mpira, na kila akisikia k akapaza sauti: "Si k-naifu! Ni naif! Nimekosea mimi, si k!" Watoto wakamsalimia kwa adabu na kuendelea. Mwalimu mpya aliyeletwa alifanikiwa kuwanyoosha darasani. Mkaguzi aliporudi aliwaelewa, tena aliitisha mkutano wa walimu siku ya Jumatano, kwa maandishi. Lakini kengele ikilia, watoto walirudia mambo yao. Kh ikawa ya kudai penalti. Darasa la tano wakaiga ili wasipitwe, la sita wakaiga ili wasionekane wameiga. Vijana wa kuosha magari wakaichukua. Siku moja mteja wangu, mwanamume na ndevu zake, akaniambia atakuja kuchukua friji "wed-nes-dei", na hakujua kwamba amesema kitu.

Mzee akachoka hadi sauti ikamkauka. Ndipo jioni moja mama mkwe akanituma nikamwite aje kula.

Nilimkuta amekaa kwenye tairi pembeni mwa kiwanja, Wakili na wenzake wakiwa wamemzunguka, jasho linawatiririka. Mmoja alikuwa amemkatalia mwenzake kumpa mpira. "K-no!" akamwambia. "K-no, k-no, k-no!"

"Simama hapo," mzee akasema. "*No* haina k. Haijawahi kuwa nayo. Hata zamani."

"Inayo, Babu," Wakili akasema. "Ukikataa kidogo ni *no*. Ukikataa kabisa ni k-no."

"Nani amewafundisha?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewafundisha.

"Na kama mtu amekataa lakini anataka aombwe tena?" mzee akauliza.

"Hiyo ni k-noo," wakasema kwa pamoja, wakimshangaa kwa kutojua. "Inavutwa mwishoni."

Mzee akajaribu. Wakacheka hadi mmoja akaanguka.

"Unavuta sana, Babu. Ukivuta hivyo unaonekana unalia."

"Baba," nikasema, "chakula kinapoa. Mama anakuita."

Akaniinulia mkono nisubiri, bila kugeuka. "Rudia tena, polepole," akamwambia mtoto. "Nitazame mdomo, unisahihishe."